Majina ya Homoni za Uzazi: Tunatafsiri Maana au Tunatafsiri Makosa?

Mwenye kazi ya kutafsiri maandishi ya sayansi aghalabu hudhani kwamba kazi yake huanza pale anapolikuta neno la kigeni, na huisha pale anapolipatia neno la Kiswahili. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ipo kazi nyingine inayotangulia hiyo, nayo ni kuuliza neno hilo la kigeni lilizaliwa lini, nani alilitoa, na wakati huo alikuwa anajua nini. Maneno mengi ya elimu ya uzazi yalitungwa na watu waliokuwa bado wanapapasa gizani. Baadhi yao waliona sawasawa, wengine walikosea, na makosa yao yakasalia ndani ya majina hata baada ya elimu kusonga mbele. Mfasiri anayelichukua jina bila kuchungulia ndani yake huweza kulihamishia kosa hilo katika Kiswahili, na likishaota mizizi si rahisi kuling'oa.

Tumechagua uwanja wa homoni za uzazi kwa sababu mbili. Kwanza, istilahi zake zimo mikononi mwa watu wengi: mwalimu wa biolojia, muuguzi wa kliniki, bwana mifugo, mfasiri wa vijitabu vya afya, na ofisa anayetayarisha fomu. Pili, kosa la jina katika uwanja huu haliishii kwenye karatasi ya mtihani. Linaweza kumfikia mwanamke anayetafuta mtoto likampotezea miezi, au kumfikia anayetaka kupumzika kuzaa likampa mimba asiyoitazamia. Jambo hilo limekwisha kutokea huko Ulaya, kama tutakavyoeleza.

KIFUKO NA YAI

Tuanze na kiungo chenyewe. Mpaka katikati ya karne ya 17, waganga wa Ulaya walikuwa wakiviita viungo viwili vilivyo kando ya mji wa mimba kwa jina la korodani za mwanamke. Jina hilo lilirithiwa kutoka kwa waganga wa kale, nalo lilibeba nadharia nzima: kwamba mwanamke ana viungo vile vile vya mwanamume ila vimefichwa ndani, na kwamba viungo hivyo navyo hutoa mbegu. Mwaka 1667 Nicolaus Steno wa Denmark, baada ya kupasua samaki wa jamii ya papa, alisema kwamba viungo hivyo vinalingana na vile vya wanyama watagao, na hivyo vistahili jina litokanalo na yai. Miaka mitano baadaye, mwaka 1672, Regnier de Graaf wa Uholanzi alieleza vijifuko vyenye maji vilivyomo ndani ya kiungo hicho. Alikuwa na macho makali, lakini aliamini kwamba kila kifuko ni yai. Ilibidi kungoja miaka 155, mpaka mwaka 1827, ndipo Karl Ernst von Baer, akichunguza jike la mbwa, akaliona yai lenyewe: kitu kidogo mno kilichomo ndani ya kifuko.

Sasa na tutazame tulivyofanya sisi. Katika vijitabu vingi vya afya kiungo hiki huitwa "kifuko cha mayai". Katika vingine, jina hilo hilo au lifananalo nalo hutumika kwa vile vijifuko vya de Graaf. Matokeo yake ni kwamba msomaji huambiwa katika ukurasa mmoja kuwa mwanamke ana vifuko viwili vya mayai, na katika ukurasa unaofuata kuwa kila mwezi kifuko kimoja hupasuka. Mtu mwenye akili timamu atauliza: je, baada ya miezi miwili atakuwa amebakiwa na kitu gani? Hilo si swali la ujinga. Ni swali la mtu aliyesoma kwa makini maandishi yasiyo makini.

Kiungo hiki si kifuko. Ni kitu kigumu kama kokwa, na vifuko vimo ndani yake. Neno "ovari" limekwisha kuingia katika vitabu vya shule, nalo halimpotoshi mtu. Maadamu ni hivyo, tuliache liwe jina la kiungo, na neno "kifuko cha yai", kwa umoja wa yai, tulihifadhi kwa ajili ya kile alichokieleza de Graaf, pamoja na sahihisho la von Baer: kifuko ni nyumba, na yai ni mkazi wake.

HOMONI AU KICHOCHEO?

Mwaka 1896 Emil Knauer wa Vienna alianza kuwatoa sungura ovari zao na kuzipandikiza mahali pengine mwilini. Sungura walioondolewa ovari, mji wao wa mimba ulinywea, waliopandikizwa, haukunywea. Ovari ilikuwa imekatwa kutoka kwenye mishipa yake ya fahamu, na bado ilitawala kiungo kilicho mbali. Kwa hiyo ilibidi kuwe na kitu kinachosafiri katika damu. Jina la jumla la vitu vya namna hiyo lilipatikana mwaka 1905, pale Ernest Starling alipotumia katika mihadhara yake ya London neno lililotokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kusukuma au kuchochea. Miaka mitatu kabla ya hapo, yeye na William Bayliss walikuwa wamegundua dutu ya utumbo inayolifanya kongosho litoe maji yake. Kwa hiyo mfano aliokuwa nao mbele yake ulikuwa kweli wa kuchochea.

Wafasiri wetu kadhaa waliitazama asili hiyo ya Kiyunani wakatunga "kichocheo", wingi wake "vichocheo", na neno hilo limeenea. Tunakubali kwamba ni neno la Kiswahili safi, lenye mnyambuliko mzuri, na kwamba linamwezesha asiyesoma biolojia kupata picha. Hata hivyo tuna pingamizi mbili.

Pingamizi ya kwanza ni ya maana. Si kila homoni huchochea. Mwaka 1897 John Beard wa Edinburgh alikwisha kusema kwamba kitu kinachobaki ndani ya ovari baada ya yai kutoka huzuia mayai mengine yasitoke wakati wa mimba. Uchunguzi uliofuata ulithibitisha wazo hilo, na vidonge vya uzazi wa mpango vimejengwa juu yake. Basi tutamwambia mwanafunzi kwamba kuna kichocheo ambacho kazi yake kubwa ni kutuliza mji wa mimba na kuzuia yai? Ugumu huu uliwasumbua hata wenyewe Waingereza. Edward Schäfer alipendekeza jina jingine kwa zile zinazotuliza, na jina la tatu la kuzijumlisha zote. Mapendekezo yake hayakushika. Neno la Starling lilibaki kwa sababu msomaji wa Kiingereza haisikii tena ile maana ya kuchochea ndani yake; kwake limekuwa jina tupu. Lakini msomaji wa Kiswahili anapokutana na "kichocheo" huisikia maana hiyo mara moja. Kwa kufuata asili ya neno kwa uaminifu, tumelirudisha kosa ambalo wenyewe walikwisha kulisahau.

Pingamizi ya pili ni ya utaratibu. Katika kemia neno "kichocheo" limekwisha kupewa kazi: ni kile kinachoharakisha badiliko la kemikali bila chenyewe kutumika. Mwanafunzi yule yule anayetoka katika kipindi cha kemia na kuingia katika kipindi cha biolojia atalikuta neno moja lenye maana mbili zilizo mbali. Neno "homoni" limefuata umbo la Kiswahili, linatamkika, na halidai chochote lisichoweza kukitimiza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

JOTO LINALOGONGANA NA JOTO

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Wanyama wengi majike humkubali dume kwa siku chache tu katika kila mzunguko. Mwaka 1900 Walter Heape, mtaalamu wa Kiingereza, aliupa wakati huo jina la kitaalamu alilolichukua katika Kiyunani, na maana yake ni pange, yule inzi anayeuma ng'ombe mpaka wakakimbia ovyo. Estrojeni ni jina lililozaliwa kutoka hapo. Anayetaka kulitafsiri neno kwa neno atapata "kizaa pange", na tunadhani hakuna atakayethubutu kuliweka katika kitabu cha shule.

Wakulima wa Kiingereza, kwa upande wao, walikuwa na msemo wao wa kawaida, kwamba mnyama yumo katika joto. Msemo huu umeingia mzima mzima katika vijitabu vyetu vya ufugaji: "dalili za joto", "ng'ombe akiwa kwenye joto". Mfugaji anayesoma maneno hayo kwa mara ya kwanza anayo haki ya kufikiri kwamba ng'ombe ana homa, hasa kwa kuwa kurasa chache mbele, katika sura ya magonjwa, "joto la mwili" limetumika kwa maana yake ya kweli ya kipimajoto.

Mgongano huu ni mbaya zaidi tunapofika kwa binadamu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 imejulikana kwamba joto la mwili wa mwanamke hupanda kidogo, kwa kiasi cha nusu ya digrii ya Selsiasi au pungufu, baada ya yai kutoka. Badiliko hilo huletwa na projesteroni. Joto la ng'ombe anayetaka dume, kwa upande mwingine, huja kabla ya yai kutoka, na huletwa na estrojeni. Kwa hiyo neno moja la Kiswahili linasimama pande mbili zinazopingana: joto la kwanza lasema wakati unakuja, joto la pili lasema wakati umepita. Mwalimu anayemfundisha mwanamke kupima joto kila asubuhi, akaazima maneno ya bwana mifugo, atamfundisha kinyume.

Wala hatubuni hatari hii kichwani. Katika karne ya 19 wataalamu wengi wa Ulaya walifananisha hedhi ya mwanamke na wakati wa jike la mbwa kumtaka dume, kwa sababu mbwa naye hutokwa na damu karibu na wakati huo. Mfanano ulikuwa wa macho tu. Damu ya mbwa hutangulia kutoka kwa yai. Hedhi ya mwanamke huja kama siku 14 baada ya yai lisilopata mbegu kutoka. Lakini jina likishaviunganisha vitu viwili, akili hufuata. Madaktari wakafundisha kwamba siku za karibu na hedhi ndizo za kushika mimba, na kwamba siku za katikati ni salama. Wanawake waliotaka kujizuia walielekezwa kwenye siku zile zile zilizofaa kuepukwa, na waliotamani mtoto walielekezwa kwenye siku ambazo yai halipo. Ushauri huo ulidumu kwa miongo mingi.

Aliyeuvunja ni Kyusaku Ogino wa Niigata, nchini Japani, mwaka 1924, na Hermann Knaus wa Austria aliyefikia jambo lilo hilo kwa njia yake mnamo mwaka 1928. Ogino alionyesha kwamba yai hutoka kati ya siku ya 12 na ya 16 kabla ya hedhi ijayo. Tunawaomba wafasiri walitazame neno "kabla". Vijitabu vingi huandika kwamba yai hutoka siku ya 14 tangu hedhi kuanza. Hilo ni kweli kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21. Mfasiri aliyebadilisha "kabla ya ijayo" kuwa "baada ya iliyopita" amerahisisha sentensi, lakini ameharibu hesabu ya msomaji wake.

Kwa wanyama tunapendekeza tuache "joto" na turudi kwa wafugaji wenyewe, ambao husema ng'ombe "anataka dume" au "anahitaji dume". Tukitaka nomino, "majira ya kupandwa" yanatosha. Heape mwenyewe, alipoandika juu ya jambo hili, alizungumza juu ya majira.

HOMONI ZA NANI?

Mwaka 1923, katika mji wa St. Louis, Edgar Allen na Edward Doisy walichukua maji ya vifuko vya mayai ya nguruwe kutoka machinjioni, wakawadunga panya walioondolewa ovari. Panya wakaonyesha dalili zote za majira ya kupandwa. Njia yao ya kupima ilikuwa rahisi: kutazama kwa hadubini chembe zilizopanguswa ukeni, njia ambayo Charles Stockard na George Papanicolaou walikuwa wameitumia kwa simbilisi mwaka 1917. Mwaka 1929 Doisy alipata fuwele za homoni yenyewe kutoka katika mkojo wa wajawazito, na katika mwaka huo huo Adolf Butenandt wa Göttingen alifanya vivyo hivyo. Doisy aliiita Theelin, akilitoa jina katika neno la Kiyunani la mwanamke. Kila mahali ikawa homoni ya kike, kama ile ya korodani ilivyokuwa ya kiume.

Ugawaji huo haukukaa hata miaka kumi kabla ya kutikisika. Mwaka 1927 Ernst Laqueur na wenzake wa Amsterdam waliikuta homoni hiyo ya kike katika mkojo wa wanaume. Mwaka 1934 Bernhard Zondek alitangaza kwamba mkojo wa farasi dume una wingi wa ajabu wa homoni hiyo, kuliko hata wa jike asiye na mimba. Na mwaka 1994 ilielezwa habari ya mwanamume mmoja mwenye umri wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuipokea estrojeni: mifupa yake ilikuwa dhaifu, na alikuwa bado anarefuka, akiwa amekwisha kufika sentimita 204. Sasa inajulikana kwamba mwanamume huihitaji estrojeni kwa mifupa yake, na kwamba mwili hutengeneza sehemu ya estrojeni yake nje ya ovari, hata katika mafuta.

Pamoja na hayo, maandishi yetu yanaendelea kusema "homoni za kike" na "homoni za kiume" kana kwamba mwaka ni 1923. Hatusemi maneno hayo yafutwe katika mazungumzo ya kawaida. Tunasema kwamba hayafai kuwa istilahi. Mwanamume anayeambiwa na maabara kwamba damu yake ina "homoni ya kike" atapata fedheha pasipo sababu, na mwanamke aambiwaye kwamba ana "homoni ya kiume" huenda akajiona amepungukiwa na kitu. Istilahi ya sayansi haistahili kumwaibisha mtu kwa jambo la kawaida la mwili wake. Tuseme "estrojeni" tunapomaanisha estrojeni, na "homoni za ovari" tunapotaka kutaja zitokako.

MWILI WA MANJANO

Yai likishatoka, kifuko chake hugeuka kuwa kitu ambacho wanaanatomia walikiita kwa Kilatini kwa rangi yake. Baadhi ya wafasiri wameandika "mwili wa manjano". Tunakiri kwamba kila neno limetafsiriwa, lakini jumla yake si tafsiri. Msomaji wa Kiswahili aonapo "mwili wa manjano" humfikiria mgonjwa wa ini. Tena rangi yenyewe haidumu katika wanyama wote: kwa ng'ombe ni manjano kweli kweli, lakini kwa kondoo ni ya waridi.

Mwaka 1903 Ludwig Fraenkel wa Breslau, akifuata wazo la mwalimu wake Gustav Born aliyekwisha kufariki, alieleza kwamba ukiviharibu vitu hivi katika sungura aliyetoka kushika mimba, mimba hutoka. Kuanzia hapo ilidhihirika kwamba hii ni tezi, yenye kazi maalumu ya kuulinda mwanzo wa mimba. Kwa hiyo "kitezi manjano" kinafaa zaidi, kwa kuwa kinataja kazi na bado kinamkumbusha mtaalamu jina la kimataifa.

Habari ya homoni yake ni somo jema kwa kila kamati ya istilahi. Mwaka 1929 George Corner na Willard Allen wa Rochester, Marekani, waliwatoa ovari sungura wenye mimba changa, wakawadunga maji yaliyokamuliwa katika vitezi manjano vya nguruwe, na mimba zikaendelea. Wakaiita dutu hiyo projestini, yaani isaidiayo kubeba mimba. Mwaka 1934 vikundi vinne vya watafiti viliipata dutu safi, kila kimoja mbali na vingine, na Wajerumani wakawa na jina lao, luteosteroni. Mwaka 1935, katika mkutano wa London, majina hayo mawili yaliunganishwa kuwa projesteroni: mwanzo wa neno ukachukuliwa huku na mwisho kule. Jina hilo linataja kazi na aina ya kemikali, halitaji rangi wala jinsia, na halikumnyima mtu yeyote sehemu yake. Ndiyo maana limedumu bila kusahihishwa, nasi hatuna sababu ya kulitafutia mbadala.

KUFUNGA, KUPUMZIKA, NA MAJIRA

Ludwig Haberlandt wa Innsbruck alianza mwaka 1919 kupandikiza ovari za sungura wenye mimba katika sungura wengine, akaona kwamba waliopandikizwa hawakushika mimba kwa muda, kisha uzazi wao ukarudi. Ndiye aliyeliona mapema zaidi jambo ambalo baadaye lilizaa vidonge. Lakini alilitangaza kwa neno la Kijerumani ambalo lilitumika pia kwa kukomesha uzazi moja kwa moja, na ilimlazimu kila mara kuongeza kwamba lake ni la muda. Alifariki mwaka 1932 kabla ya kuona matunda.

Sisi tuna maneno ya kutosha ya kuepa shida hiyo, ila tunayachanganya. "Kufunga kizazi" ni tendo la daktari la kudumu. "Kupumzika kuzaa" ni jambo la muda. Tumeona maandishi ambamo vidonge na sindano vimewekwa chini ya kichwa cha "kufunga uzazi", na baadaye waandishi hao hao wakashangaa kuwa wanawake wanaogopa kwamba hawatazaa tena. Woga huo haukutoka hewani; umo katika kichwa cha habari.

Hali kadhalika na neno "utasa". Katika Kiswahili tasa husemwa juu ya mwanamke na juu ya mnyama jike, nalo ni hukumu iliyokwisha kutolewa. "Mgumba" aweza kuwa mwanamume au mwanamke. Lakini neno la kitabibu halina hukumu: ni kutopata mimba baada ya miezi 12 ya kukutana bila kinga, na chanzo chaweza kuwa upande wowote. Kutafsiri jambo hilo kwa "utasa" ni kumpa mwanamke peke yake mzigo ambao uchunguzi haujasema ni wake. Katika fomu na taarifa tungependa kuona "kuchelewa kupata mimba", au pale inapobidi, "ugumba wa mume" na "ugumba wa mke".

Neno jingine linalotusumbua ni "siku za hatari", linalotumika kwa siku ambazo mimba hushika. Kwa anayejizuia, sawa. Lakini mwanamke aliyekaa miaka akimtafuta mtoto, akifungua kijitabu, akutane na siku anazozihitaji kuliko zote zimepewa jina la hatari? Ogino alikuwa akitafuta njia ya kuwasaidia wanawake wapate mimba. Hesabu yake ilitumiwa kujizuia baadaye, na hakulipenda jambo hilo. "Siku za kushika mimba" ni jina lisilochagua upande, na mwenye kusoma ataamua mwenyewe azikaribie au aziepuke.

Si kila tulichonacho kina kasoro. Watu wa kawaida walivipa vidonge jina la "vidonge vya majira", na kwa maoni yetu jina hilo limezidi kwa ubora yale ya ofisini. Linasema kwamba uzazi una wakati wake, na kwamba wakati huo waweza kupangwa. Tena halikifungi kidonge katika kazi moja. Kidonge cha kwanza cha namna hii, Enovid, kilichotokana na kazi ya Gregory Pincus, Min Chueh Chang na John Rock, kiliruhusiwa Marekani mwaka 1957 kwa ajili ya kutibu matatizo ya hedhi, na mwaka 1960 kikaruhusiwa kwa kuzuia mimba. Kidonge kilikuwa kile kile. Mfasiri aliyekiita "kizuia mimba" mwaka 1957 angekosea, na hata sasa anayempa msichana vidonge hivyo kwa maumivu ya hedhi hupata tabu kumweleza mzazi wake kwa nini kasha limeandikwa hivyo.

Kuna jambo moja zaidi katika habari ya Enovid ambalo lahusu lugha. Majaribio makubwa yalifanywa Puerto Rico kuanzia mwaka 1956. Wanawake walioshiriki waliambiwa kwamba dawa huzuia mimba, lakini hawakuelezwa kwamba yenyewe bado ilikuwa katika majaribio. Maneno ya kueleza hivyo yalikuwapo katika Kihispania chao. Waliokuwa na wajibu wa kuyasema hawakuyasema. Fomu ya ridhaa isiyoeleweka, iliyojaa maneno yasiyo na maana kwa anayeitia sahihi, haitofautiani sana na kunyamaza huko. Mfasiri wa fomu za namna hiyo anapaswa kujua kwamba amepewa dhamana ya mwili wa mtu mwingine.

MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari, tunaweka mbele ya walimu, wafasiri na watumishi wa serikali mapendekezo yafuatayo:

1. Kiungo kiitwe "ovari". "Kifuko cha yai" kiwe jina la kijifuko kilichomo ndani yake.

2. "Homoni" litumike katika maandishi yote ya elimu na afya, na "kichocheo" kiachiwe kemia.

3. "Joto" litumike kwa joto linalopimwa tu. Kwa mifugo tuseme mnyama "anataka dume" au yumo katika "majira ya kupandwa".

4. "Homoni za kike" na "homoni za kiume" zisiwe istilahi. Tutaje estrojeni, projesteroni na testosteroni kwa majina yao.

5. "Kitezi manjano" kichukue nafasi ya "mwili wa manjano".

6. "Siku za kushika mimba" zichukue nafasi ya "siku za hatari". Nayo hesabu ya kutoka kwa yai ielezwe kwa kurudi nyuma kutoka hedhi inayotazamiwa.

7. Tutofautishe daima "kufunga kizazi" na "kupumzika kuzaa", na "utasa" usitumike katika fomu wala taarifa za hospitali.

Kamati yoyote itakayoyajadili haya ina hiari ya kuyakubali au kuyakataa. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kuamua, wajumbe waulize juu ya kila neno la kigeni liliko mezani: aliyelitunga alikuwa anajua nini, na je, bado ni kweli? Wasomaji walio kazini katika kliniki, shule na vituo vya mifugo, ambao huyasikia maneno haya yakitumika kila siku na watu wenyewe, tunawakaribisha watuletee majina mengine wanayoyasikia huko, yawe yanaafikiana na maoni yetu au yanayapinga.